Kocha na Mchezaji Mkaidi: Nani Amfuate Mwenzake?

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, hoja ilikuwa kwamba mchezaji mkaidi afukuzwe timuni bila ya kupewa nafasi ya pili. Waliounga mkono walishinda, na silaha yao kubwa ilikuwa methali moja iliyorudiwa mara nyingi hadi ukumbi mzima ukawa unaimalizia wenyewe: mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Mimi nilikuwa upande wa pili. Kura nilizikubali, lakini methali sikukubali itumiwe vile, na mlezi wa chama akaniambia, "Basi kaandike, tuone kama una hoja au una uchungu wa kushindwa." Nimeandika. Ninyi wasomaji ndio mtakaoamua.

Tuanze na maneno, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Makocha wetu wengi wana neno moja la kila mchezaji anayewasumbua: mkaidi. Lakini lugha yetu ina maneno mengi, na kila moja lina mtu wake. Mkaidi ni yule aliyeambiwa akasikia, akaelewa, kisha akafanya vingine kwa kusudi. Mbishi ni yule anayetaka kujua "kwa nini" kabla ya kutenda, na akijibiwa vizuri aghalabu hutenda, tena kwa bidii. Jeuri humvunjia mtu heshima kwa maneno au kwa jicho. Mtoro haji. Halafu yuko aliyenuna. Huyu, ukiniuliza mimi, ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu anakuja mapema, anafanya kila anachoambiwa, wala hagombi na mtu, lakini mpira ukimfika hampi pasi yule aliyekosana naye, hata kama goli liko wazi. Kocha hana la kumshtakia. Ukiwatibu wote hawa kwa dawa moja ya kuwafukuza, utakuwa kama mganga anayempa kila mgonjwa mwarobaini, awe anaumwa na tumbo au amevunjika mguu.

Kuna na jambo la sarufi ndani ya ugomvi huu. Kocha akisema, "Umechelewa mara tatu wiki hii," ametumia kitenzi, na kitenzi chetu hubeba wakati ndani yake. Lililotendeka jana kwa -li- laweza kuwa jingine kesho kwa -ta-. Mchezaji ana njia ya kutokea. Lakini kocha akisema, "Wewe ni mtoro," ameacha kitenzi ameshika nomino, amemtia kijana katika ngeli ya A-WA na kumfungia huko, na nomino haina wakati. Hakuna mtoro wa jana wala mtoro wa kesho. Ni mtoro tu. Kijana aliyeitwa mtoro mbele ya wenzake mara kumi hana sababu ya kuja mazoezini mara ya kumi na moja. Nimelisikia hili kwenye viwanja vingi hapa kisiwani, na kila mara naona kocha anadhani amekemea kosa, kumbe amempa mtu jina.

Sasa niingie kwenye mifano, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Mfano mkubwa ninaoujua katika Afrika Mashariki ni wa kipa Juma Kaseja wa Tanzania na kocha Marcio Maximo kutoka Brazil. Maximo alikabidhiwa timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars, mwaka 2006 akakaa nayo hadi 2010. Kaseja alikuwa kipa wa Simba na mashabiki wengi walimhesabu kuwa wa kwanza nchini. Wawili hawa hawakupatana. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo Kaseja hakuitwa kambini, na kila orodha ya timu ilipotangazwa, swali lilikuwa lile lile vijiweni na magazetini: Kaseja yuko wapi?

Hapa yafaa tumtendee Maximo haki. Alikuwa kocha aliyeshikilia sana nidhamu, na timu yake haikufa kwa kumkosa mtu mmoja. Taifa Stars ilifuzu kwa fainali za kwanza kabisa za CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaosakata ligi za nyumbani, zilizofanyika Ivory Coast mwaka 2009, na huko ikawafunga wenyeji 1-0. Kwa hivyo yule anayesema kocha asithubutu kumgusa nyota hana ushahidi hapa. Kocha anaweza kumwacha nyota na dunia isianguke.

Lakini tazama kilichofuata. Maximo alipoondoka mwaka 2010, akaja Jan Poulsen kutoka Denmark, na Kaseja akarudi timuni. Mtu ni yule yule, mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni aliyeketi benchi. Na hadithi haikuishia hapo. Tarehe 4 Agosti 2019 Tanzania ilikuja Kasarani kurudiana na Harambee Stars katika mchujo wa kufuzu kwa CHAN. Mechi ya kwanza Dar es Salaam ilikuwa imekwisha 0-0, na ya pili nayo ikaisha 0-0. Golini mwa Tanzania alikuwa nani? Kaseja, umri miaka 34, ameitwa tena na kocha Etienne Ndayiragije. Penalti zilipokwisha ilikuwa 4-1, na sisi Wakenya ndio tuliorudi nyumbani vichwa chini. Mwezi uliofuata akasimama tena golini Dar es Salaam katika mchujo wa Kombe la Dunia dhidi ya Burundi, nchi anakotoka kocha mwenyewe, na Tanzania ikapita kwa penalti 3-0.

Mimi sisemi Maximo alikosea kumwacha. Huenda alikuwa na sababu zake kambini ambazo si za kusemwa hadharani. Ninalosema ni kwamba adhabu ile, jinsi tulivyoiona sisi wa nje, haikuwa na mlango. Hakuna aliyejua mchezaji afanye nini ili arudi, au asubiri mpaka lini. Adhabu ya namna hiyo humfundisha kijana jambo moja tu, nalo ni kungoja kocha aondoke. Na katika shule zetu makocha huondoka sana. Mwalimu huhamishwa, au huchoka akamwachia mwengine, na kijana aliyengoja hurudi kifua mbele, hajajifunza kitu.

Linganisha na aliyoyafanya Emmanuel Amunike katika timu hiyo hiyo. Amunike, raia wa Nigeria, alichukua Taifa Stars mwaka 2018. Mechi yake ya kwanza ya ushindani ilikuwa ugenini na Uganda mwezi wa Septemba. Wachezaji kadhaa wa Simba, wakiwemo John Bocco na Erasto Nyoni, hawakuripoti kambini kwa wakati uliopangwa. Akawaacha. Hakuwaacha wawili wa mfano. Aliwaacha wote waliohusika, na Bocco alikuwa nahodha wa klabu. Makelele yalikuwa mengi, watu wakasema huyu mgeni hajui anamgusa nani. Timu iliyobaki ikaenda Kampala ikatoka sare ya 0-0, si haba.

Kisha, na hapa ndipo somo lilipo, akawarudisha. Tarehe 24 Machi 2019 Tanzania iliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam na kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Moja kati ya mabao yale matatu lilikuwa penalti ya Erasto Nyoni, mmoja wa wale walioachwa kwa kuchelewa kambini. Fikirini kama Amunike angekuwa amekula kiapo kwamba aliyechelewa harudi kamwe. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mchezaji mkubwa, ndiye aliyeifungia Nigeria mabao yote mawili ilipoishinda Zambia 2-1 katika fainali ya mwaka 1994, kwa hivyo nadhani alijua nyota anafikiri nini akiwa nyumbani anatazama wenzake wanacheza.

Kosa lilikuwa la kitenzi: mmechelewa. Adhabu ikawa ya mechi. Ikaisha.

Watu wa mpira wa Ulaya watataka nitaje na wao, basi nitataja mmoja tu, maana namwona kila siku viwanjani mwetu. Mwaka 2002, Ireland walipokuwa kambini kwenye kisiwa cha Saipan wakijitayarisha kwa Kombe la Dunia la Japani na Korea Kusini, nahodha wao Roy Keane alilalamika kwamba uwanja wa mazoezi ni mbovu na vifaa havikufika kwa wakati. Akayasema hayo kwa mwandishi wa gazeti. Kocha Mick McCarthy aliposoma, aliita kikao cha timu nzima, gazeti mkononi, akamuuliza mbele ya wote. Keane akalipuka, akamporomoshea matusi mazito, na safari yake ikaishia pale. Alirudishwa nyumbani kabla ya mechi ya kwanza. Ireland bado walifika raundi ya timu 16 na kutolewa na Uhispania kwa penalti. Baadaye uchunguzi ulipofanywa, maandalizi ya shirikisho lao yalionekana kweli yana kasoro. Yaani mbishi alikuwa na hoja, ila alikuwa na mdomo vile vile. Na kocha alikuwa na haki ya kuuliza, ila alichagua mahali pabaya. Mtu mwenye hasira ukimuuliza mbele ya watu ishirini, hakujibu wewe. Anawajibu wale ishirini.

Sina haja ya kwenda mbali sana kuonyesha hilo. Kuna timu moja ya vijana hapa Kizingo, jina silitaji, wala la kocha, ambayo mimi ndimi niliyekuwa nikishika daftari lake la mahudhurio. Si mchezaji wa kutajika, mguu wangu wa kushoto ni wa mapambo tu, lakini kuandika naweza. Timu hiyo ilikuwa na winga mwepesi kama swala. Tatizo lake moja: mazoezi ni saa kumi kamili, yeye anaingia saa kumi na nusu, jasho tayari linamtoka, hasemi kitu, anafunga njumu na kuingia. Kocha akimuuliza, jibu ni hilo hilo: "Samahani kocha." Ilipofika wiki ya tatu kocha hakuuliza tena. Siku hiyo tulikuwa na watu wengi pembeni ya uwanja, wakiwemo wasichana wa mtaani kwao, kocha akapaza sauti, "Wewe mwana wa muuza mihogo! Hapa si gengeni, huji saa unayotaka wewe!"

Kijana hakujibu. Alivua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mstari, akaenda zake. Watu wengine walicheka, kisha wakanyamaza.

Daftari lilikuwa kwangu, na usiku ule nililifungua nikahesabu. Katika mazoezi 14, winga alichelewa mara 9. Mara zote 9 zilikuwa siku za shule. Jumamosi na Jumapili, mazoezi yalipokuwa saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa wa kwanza au wa pili kufika, hakukosa hata siku moja. Sasa niambieni, mvivu gani huyu anayewahi alfajiri na kuchelewa alasiri? Nilimwonyesha nahodha. Nahodha alijua nusu ya jambo, na nusu nyengine tuliipata kwa kutembea tu hadi Mama Ngina, pale kwenye mibuyu, ambako watu huja kupunga upepo jioni. Mamake ana meza ya mihogo ya kukaanga, ile inayopasuliwa ikatiwa pilipili na ndimu, na madafu. Mgongo ulikuwa umemshika tangu mfungo uliopita, hawezi kusukuma mkokoteni. Kijana akitoka shuleni saa tisa huusukuma yeye, huwasha jiko, huyafungua madafu ya kwanza, ndipo hukimbia uwanjani. Hakusema kwa kocha kwa sababu aliona haya. Na baada ya lile neno la muuza mihogo, haya iligeuka kuwa kitu chengine.

Nahodha alimpelekea kocha habari, na mimi nikampelekea daftari. Kocha, nimpe haki yake, hakubisha. Jioni ya pili yake alikwenda mwenyewe Mama Ngina, akanunua mihogo kama mteja, akasimama pale mpaka kijana akamaliza kuhudumia. Walizungumza wakiwa wamegeukia bahari, hakuna aliyesikia. Tulichokiona ni kwamba siku za shule winga aliruhusiwa kuingia saa kumi na nusu, naye akawa anabaki nusu saa baada ya wengine kuondoka, kwa hivyo muda wake wa mazoezi haukupungua hata dakika. Mechi mbili alikaa benchi kwa kuivua jezi uwanjani, na alikubali.

Lakini nitasema na lililobaki, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Tusi lilitupwa mbele ya umati. Samahani, kama ilitolewa, ilitolewa penye mihogo, wakiwa wawili. Nilipomuuliza winga kama yamekwisha, aliniambia, "Mimi nimerudi kwa sababu ya mpira. Mamangu hakurudishiwa kitu." Sikuwa na la kumjibu. Mimi naona lililovunjwa barazani hujengwa barazani, na kocha anayeweza kupaza sauti ya kukemea ana sauti ya kusema "nilikosea" vile vile. Wengi huogopa kwamba wakiomba radhi mbele ya vijana watadharauliwa. Mimi ni mmoja wa vijana hao, na nawahakikishia kwamba tungemheshimu zaidi. Hivi sasa timu ile inacheza vizuri, lakini winga akifunga bao hakimbilii upande wa benchi.

Kutokana na hayo nimejifunza utaratibu ambao naona unafaa. Kocha azungumze na mchezaji siku ile ile, lakini si saa ile ile. Siku ile ile, ili jambo lisilale likaoza. Si saa ile ile, ili wote wawili wawe wamepoa. Wazungumze kando, lakini si mafichoni: pawe mahali watu wanawaona ingawa hawawasikii, na kama mchezaji ni msichana na kocha ni mwanamume, awepo mwalimu wa kike au nahodha. Kocha aulize kwanza kisha anyamaze mpaka ajibiwe. Hilo la kunyamaza ndilo gumu, nimewaona wanaouliza swali na kulijibu wenyewe. Halafu alitaje tendo, si mtu. Halafu aseme adhabu na siku itakayokwisha. Na nahodha atumiwe. Nahodha si wa kurusha sarafu tu na refa. Ndiye aliye kocha saa ambazo kocha hayupo, ndani ya matatu, dukani, njiani kutoka shuleni.

Juu ya adhabu zenyewe nina neno kali kidogo. Bado wapo wanaoamini kiboko, au kofi la haraka wakati wa mapumziko. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inasema wazi kwamba kila mtu ana haki ya kutopewa adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi na hata kumtesa kwa maneno. Uwanja wa mpira haukutolewa nje ya Kenya. Kocha wa shule anayempiga mchezaji anavunja sheria hata kama timu imeshinda 5-0.

Ama adhabu ya kukimbizwa raundi za uwanja saa nane mchana, hiyo yaonekana ndogo lakini kwa mji wetu si ndogo. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika papa hapa Kizingo, kwenye uwanja wa gofu, wazee wetu wengi walikuwepo. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, tangu 2002 hadi 2006. Siku ile hakumaliza. Joto na unyevu wa Mombasa mwezi wa Machi ulimshinda, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Wakimbiaji wengine kadhaa nao walizidiwa. Sasa, ikiwa jua letu lilimsimamisha Bekele, bingwa wa dunia, kocha anapomkimbiza mtoto wa kidato cha kwanza raundi kumi na tano saa nane kwa sababu amesahau soksi, anatafuta nidhamu au anatafuta gari la wagonjwa? Kama ni lazima adhabu iwe ya kazi, afue jezi. Afagie stoo ya michezo. Jezi zetu zinahitaji.

Kuna ugomvi mwengine ambao si wa kocha wala wa mchezaji, ila huangukia baina yao. Mwezi wa Juni 2018, timu yetu ya taifa ya raga ya wachezaji saba ilipokuwa Paris, wachezaji walilificha jina la mdhamini kwenye jezi zao kulalamikia malipo. Kocha wao alikuwa Innocent Simiyu, ambaye zamani alikuwa mchezaji na nahodha wa timu hiyo hiyo. Mdhamini alikasirika, chama cha raga kikakasirika, na kabla ya mwaka kwisha timu ilikuwa na kocha mwengine, Paul Murunga. Ukitazama juu juu utasema wachezaji ni wakaidi. Ukitazama chini utakuta swali la pesa ambalo kocha hakuwa na ufunguo wa kulifungua. Katika shule zetu ni nauli na chakula cha siku ya mechi. Mchezaji aliyecheza mechi mbili na tumbo tupu akikataa kuingia ya tatu, kocha asiende kumhubiria uzalendo. Aende kwa basa.

Je, hakuna wa kufukuzwa? Yuko. Anayewapiga wadogo, anayewanyang'anya pesa, anayeleta bangi au vidonge kwenye begi la jezi, huyo haondolewi kwa sababu ni mkaidi. Anaondolewa kwa sababu wengine hawako salama akiwepo. Katika mji huu ambao kila mtaa una kijana aliyepotelea kwenye unga, hilo la vidonge halina mjadala. Hata hivyo aondolewe timuni kwa kukabidhiwa, kwa mzazi na kwa mwalimu wa ushauri, asiachwe tu getini. Timu kwa vijana wengi ndiyo kamba ya mwisho, na ukiikata ujue nani yuko chini ya kushika.

Wengine watasema, kocha wetu ni mwalimu wa hesabu anayetusaidia baada ya masomo bila malipo, tena ana daftari mia za kusahihisha. Wapi atapata wakati wa kumfuata kila mtu Mama Ngina? Ni kweli, na nimelifikiria. Ndiyo maana naona sheria ziandikwe mapema, mwanzo wa muhula, kabla ya mtu yeyote kukosa, ili kocha asilazimike kubuni adhabu akiwa amekasirika. Ziwe chache. Zitiwe sahihi na wachezaji na makocha pamoja, na zibandikwe mlangoni mwa stoo ya michezo. Na zisiwe za mchezaji peke yake.

Rasimu nimeiandika pamoja na nahodha wa wavulana na nahodha wa wasichana wa shule yetu. Ina sheria saba. Ya kwanza ni ya saa: mwenye sababu ya kuchelewa aiseme kwa nahodha kabla, na nahodha asiitangaze. Ya nne inasema adhabu yoyote iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe yake ya mwisho. Ya sita inamkataza kocha kumtaja mzazi wa mchezaji, au kazi ya mzazi wake, akiwa anakemea. Hiyo ya sita mmoja wa walimu alituuliza imetoka wapi, tukamwambia imetoka tu. Karatasi iko kwa mwalimu wa michezo, ameahidi itasomwa siku ya kwanza ya mazoezi muhula ujao. Anayetaka kuongeza au kupinga aje anione kidato cha tatu, dawati la pili kutoka dirishani, kabla shule haijafungwa.